Sanduku Moja, Hadhira Nne: Mazingaombwe ya Hisani Tanga, Pangani na Lushoto

Haya yameandikwa baada ya kurudi Dar es Salaam, kutokana na daftari la safari na picha za simu. Ilikuwa Agosti, kusi ikivuma. Maonyesho yote yalikuwa ya hisani, na watazamaji hawakufanana hata kidogo: watoto waliolazwa wodini Tanga mjini, kijiji kizima uwanjani ng'ambo ya Mto Pangani, wanafunzi wasioona huko Lushoto, na wazee kwenye kituo chao. Sanduku lilikuwa hilo hilo moja. Hadhira ndiyo inayoamua kipi kitoke na kipi kibaki ndani, na kwa atakayepita njia hii hilo lina uzito kuliko wepesi wa vidole.

Jumatano, Dar es Salaam: kufunga sanduku

Sanduku la magurudumu, kilo 14 likiwa limejaa. Kamba nyeupe ya pamba mita 12, unene wa kidole kidogo cha mkono. Leso sita za hariri, sentimita 45 kila upande, za njano, kijani na bluu. Pete za chuma nne, za mchezo wa kuungana. Mipira ya sponji, dazeni mbili. Karata pakiti moja yenye namba kubwa. Boksi la rababendi. Ndoo ndogo ya bati na vifuniko vya soda vilivyooshwa. Pampasi mbili za saizi kubwa, matumizi yake tutayaeleza mbele. Kipaza sauti cha kuvaa shingoni kinachotumia betri.

Kamba inahitaji kazi kabla ya safari. Ya dukani ina kiini katikati; kivute chote kitoke, la sivyo kamba inakuwa ngumu, fundo halikai na mkato unaonekana umekatwa vibaya. Baada ya hapo chovya ncha kwenye gundi nyeupe na uziache zikauke usiku mzima ili zisichambuke. Mchezo wa kamba inayokatwa na kuungana unakula kama mita moja na nusu kila onyesho, kwa hiyo piga hesabu mapema. Tanga ni nchi ya mkonge, lakini usijidanganye kwamba utanunua kamba huko huko: ya mkonge inakwaruza, haikunjiki vizuri, na nyuzi zake zinanyonyoka mkononi.

Vilivyoachwa nyumbani vina umuhimu sawa na vilivyobebwa. Karatasi inayowaka ghafla haifai kukaribia paa la makuti. Leso nyeusi na nyekundu zimebaki kabatini, kwa sababu pamoja na nyeupe hizo ndizo rangi za kilinge, na mtazamaji wa kijijini akiziona anafikiri mengine. Kijiti cha mazingaombwe nacho kinafanana mno na usinga. Kipande cha chaki kinafanya kazi ile ile na kila mtoto anakijua. Kauri zinapendeza sana mkononi, lakini kuna watu wanazitumia kupigia ramli, basi hazina nafasi. Na jambo lisilo na mjadala: hakuna mchezo wenye nywele, kucha, mfupa wala damu, hata ya bandia. Nchi hii imezika watu wenye ualbino kwa ajili ya imani za aina hiyo. Msanii anayechezea alama hizo kwa kutafuta kicheko anaumiza watu walio hai, na huenda wamekaa mstari wa mbele.

Sheria ya Uchawi ilianza kutungwa mwaka 1928 na bado ipo. Inamgusa hata anayejidai tu kuwa na nguvu hizo. Mwanamazingaombwe hana sababu ya kukaribia mpaka huo. Tangazo letu ni moja kila mahali, kabla ya mchezo wa kwanza: huu ni wepesi wa mikono, mazoezi na sayansi kidogo.

Barua zilishatangulia: kwa mganga mfawidhi na muuguzi kiongozi wa wodi, kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata, kwa mwalimu mkuu, na kwa msimamizi wa kituo cha wazee. Nakala za barua zenye mihuri zilikuwa mfuko wa juu wa sanduku. Usizifungie chini.

Alhamisi, Dar hadi Tanga

Basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, liliandikiwa saa 1 asubuhi, likatoka saa 2 kasorobo. Nauli shilingi 18,000. Konda alitaka sanduku liende kwenye buti. Alipoelezwa kwamba kuna vitu vinavyopinda, aliliweka mwenyewe nyuma ya kiti cha dereva, hakutaka hata pesa ya soda. Tunamshukuru. Pete ya chuma ikipinda milimita moja tu, sauti yake inabadilika na mchezo umekwisha.

Chalinze, Wami, Mkata. Daraja jipya la Wami limeondoa ile shida ya kupishana ya zamani. Karibu na Kabuku tairi la nyuma lilipasuka, tukakaa pembeni saa moja na nusu. Abiria wakishajua sanduku lina nini, wataomba mchezo, hasa wenye watoto. Ushauri wetu ni kukataa kwa upole. Kwenye stendi na pembezoni mwa barabara ndiko wanakofanyia kazi wale wa kamari ya karata tatu, na mtu anayechezesha mikono mbele ya abiria hatofautishwi nao haraka. Polisi naye hawezi kutofautisha kwa mbali. Mama mmoja muuza machungwa alituletea kigoda na kutukatia chungwa moja moja, akasema kiti cha jua hakikai mtu. Machungwa ya upande huo wa Muheza hayahitaji sifa zetu.

Tanga saa 9 alasiri. Chumba Ngamiani shilingi 25,000, feni nzima, maji yapo. Kabla ya jioni tulikwenda kwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha barabara moja ya zile zenye namba. Koti lilihitaji mfuko ndani ya mfuko, mdomo wake ukiangalia chini, upana wa sentimita 12. Fundi, mzee wa makamo mwenye balaghashia, aliushona kwa dakika ishirini bila kuuliza ni wa nini. Tulipouliza bei alisema, "Mnakwenda kwa watoto wa hospitali? Nendeni." Hakupokea.

Chakula cha usiku: samaki wa nazi na wali, shilingi 6,000. Kahawa na kashata barazani.

Ijumaa asubuhi, wodi ya watoto

Wodini hakuna jukwaa. Unakwenda kitanda kwa kitanda, dakika tano kila kimoja, na muuguzi ndiye mwongozaji. Yeye anajua nani anasubiri kuingia chumba cha upasuaji na haruhusiwi kula (basi pipi isitajwe wala isitokee sikioni mwake), nani ametoka kuchomwa sindano, nani anaogopa sura ngeni. Muulize haya yote mlangoni, kwa sauti ya chini, kabla ya kuvuka kizingiti.

Mikono huoshwa kwa sabuni au kitakasa kabla ya kila kitanda, mbele ya mtoto na mzazi wake. Mikono ya shati ikunjwe hadi kwenye viwiko. Ni usafi, na pia inamwondolea mtazamaji dhana kwamba kitu kimefichwa shatini. Puto hazikuingia wodini: wapo watoto wenye mzio wa mpira, na kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Sponji nayo ina shida yake. Haiwezi kusafishwa kwa spiriti ikakauka kati ya kitanda na kitanda, kwa hiyo mpira ulioshikwa na mtoto mmoja ni wake moja kwa moja. Kwa aliye chini ya miaka mitatu hatuachi chochote kinachoingia mdomoni. Huyo anapata kuona tu, na kucheka.

Kilichofanya kazi kuliko vyote kilikuwa rababendi, ingawa nayo ni mpira na mwenye mzio asipewe. Huu tunaueleza wazi kwa sababu umetengenezwa kwa kufundishwa. Vaa rababendi kwenye mashina ya kidole cha shahada na cha kati, kiganja kikikuangalia wewe, mgongo wa mkono ukimwangalia mtazamaji. Kwa mkono mwingine ivute kuelekea kwako. Kunja vidole vyote vinne kama unafanya ngumi, ncha zote nne ziingie ndani ya tundu ulilolivuta. Achia. Mtazamaji anaona rababendi imekaa kwenye vidole viwili vya kwanza. Fungua vidole kwa mpigo mmoja. Inaruka yenyewe kwenda kwenye vidole viwili vya mwisho. Ikikataa kuruka, kidole kidogo hakikuingia, au rababendi ni nene mno. Nyembamba ya kufungia noti ndiyo saizi yake.

Mvulana wa miaka kama tisa alikuwa na dripu mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alivaa rababendi, lakini hakuwa na mkono mwingine wa kuivutia. Mama yake akaivuta. Wakakosea mara kadhaa, kisha ikaruka, na mama ndiye aliyepiga kelele kwanza hadi kina mama wa vitanda vya jirani wakasogea. Ukiandaa wodi usiwasahau hao. Wamelala kwenye mikeka chini ya vitanda siku nyingi, na kicheko chao ni haki kama cha mtoto.

Faida ya mchezo kama huo inazidi burudani. Tangu mwaka 1982 mpango wa Project Magic, ulioanzishwa na David Copperfield, mwanamazingaombwe wa Marekani, umekuwa ukitumia michezo midogo ya mikono kuwasaidia wagonjwa kurudisha nguvu na wepesi wa vidole. Mtaalamu wa viungo akiwepo hospitalini, mwombe asimame karibu. Atajua nani aachiwe rababendi na nani hapaswi.

Picha: hatukupiga sura ya mtoto yeyote. Mikono tu, na kwa ruhusa ya mzazi.

Mchana tulingoja watu watoke msikitini, kisha gari la Pangani, shilingi 5,000, njia ya pwani.

Ijumaa jioni, Pangani

Kivuko cha Mto Pangani kinakuvusha hadi kijiji cha Bweni kwa dakika chache na nauli ya mtembea kwa miguu ni mia chache za shilingi. Kijana wa kivuko alibeba sanduku begani hadi juu ya ngazi. Kivuko kikiwa matengenezo, watu huvuka kwa boti. Basi funga sanduku ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kushuka ukingoni.

Usiku wa kuamkia onyesho la kijijini ni wa wazee, na ziara hii haikwepeki. Mwenyekiti alitupeleka kwa mzee mmoja wa msikiti, amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Nimesikia habari zenu. Sasa niambieni, hii ni kiinimacho, au ni yale mambo mengine?"

"Kiinimacho, mzee. Wepesi wa mikono tu."

"Basi nifanyieni mmoja, mimi mwenyewe nishike."

Huo ndio wakati wa sponji. Mpira mmoja kiganjani mwake, akafumba ngumi kwa nguvu zote. Alipofumbua ilikuwa miwili. Akaigeuza, akainusa, akaiminya, akacheka hadi machozi. Halafu tukamwambia hivi: mikono yako haikupata nguvu yoyote, macho yako ndiyo yalikwenda pengine kwa sekunde moja. Akasema, "Kesho semeni hivyo hivyo kwenye kipaza sauti." Asubuhi alikaa mstari wa mbele, na kijiji kizima kilisoma jibu kwenye uso wake.

Hofu hii si ya pwani yetu pekee. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kikubwa kuwapinga waliokuwa wakiwatesa watu kwa tuhuma za uchawi, na humo akaeleza jinsi michezo ya mikono inavyofanyika, ili watu waone kuwa hakuna jini ndani yake. Kazi ya kueleza ni ya zamani kama mchezo wenyewe.

Jumamosi, Bweni: uwanjani

Changizo lilikuwa la madawati ya shule. Tulianza saa 3 asubuhi, kwa sababu upepo unazidi kadiri jua linavyopanda, na hadi adhuhuri leso ya hariri haishikiki. Hata hivyo leso zilibaki sandukuni. Uwanjani mbele ya watu wengi unahitaji vitu vizito, vyenye sauti, vinavyoonekana kutoka mita ishirini: pete za chuma, kamba, ndoo.

Pembe za kuonea ndiyo shida kubwa ya mchezo wa nje. Watoto wanazunguka hadi nyuma yako, na kule nyuma kila siri iko wazi. Dawa ni kuchagua mahali kabla watu hawajafika. Tulisimama mgongo ukiwa kwenye ukuta wa darasa, tukalaza kamba chini kwa nusu duara, nafasi ya hatua tatu kutoka miguuni petu. Watoto wakakaa kwenye kamba, watu wazima wakasimama nyuma yao. Jua liwe nyuma yako au pembeni? Pembeni. Likiwa nyuma yako watu wanaumia macho. Likiwa mbele, wewe huoni ni nani ananyanyua mkono.

Kufungua hatukutumia maneno ya kigeni ya mazingaombwe, maana mtu asiyeyajua anayasikia kama dua la ajabu. Tuliita "Paukwa!" na uwanja mzima ukajibu "Pakawa!" Mwito huo unamwambia kila mtu, kuanzia mtoto hadi bibi, kwamba sasa ni wakati wa hadithi na mchezo.

Mchezo wa sarafu zinazookotwa hewani na kulia ndani ya ndoo unapendwa dunia nzima, na mlio wake unafika mbali. Kwa changizo la hisani, usiufanye kwa pesa. Matapeli wa kuzalisha noti wamepita vijiji vingi wakiacha watu bila akiba ya mavuno, na mtu akiona shilingi inazaliwa mkononi mwako atakufuata usiku na pesa zake. Vifuniko vya soda vinalia vile vile. Vikatoka kwenye kiwiko cha mwalimu, kwenye kofia ya dereva wa bodaboda, nyuma ya sikio la mwenyekiti, na hakuna aliyeondoka na ndoto ya utajiri.

Sasa zile pampasi. Mchezo ni huu: maji yanamiminwa kwenye kikombe, kikombe kinapinduliwa juu ya kichwa cha mtu, halidondoki hata tone. Siri yake tunaitoa kwa sababu ni sayansi ya darasani na mwalimu yeyote anaweza kuufundisha. Chana pampasi, tikisa pamba yake ndani ya mfuko wa nailoni, unga mweupe utashuka chini. Pampasi moja kubwa inatoa kama gramu 10. Ni chembechembe za plastiki zinazonywa maji mara mamia ya uzito wake. Kijiko cha chai kisichojaa kwa mililita 100 za maji, kwenye kikombe kisichopenyesha mwanga, na simulia kitu kwa sekunde kumi na tano kabla ya kupindua.

Pwani ndipo unapokwama. Maji ya visima vingi vya ufukweni yana chumvi, na chumvi inaunyima unga ule uwezo wa kunywa. Utashika sehemu ndogo tu, na yaliyobaki yatamwagika kichwani kwa mgeni rasmi. Jaribu na maji ya pale pale, nusu saa kabla. Tulijaribu, uji haukukaza, basi tukatumia maji ya chupa, shilingi 1,000. Joto lenye unyevunyevu nalo linagandisha unga ukiwa bado mkavu. Uweke kwenye kichupa cha dawa chenye kizibo cha kubana. Usiuvute puani, usiuache karibu na macho ya watoto, na baada ya onyesho usimwage uji ule kwenye sinki kwa sababu utaziba bomba. Uukoroge na chumvi kwanza. Utaachia maji na kulegea.

Pesa ya changizo hatukuigusa. Mhazini wa kamati ya shule, mama mmoja mwenye daftari kubwa, ndiye aliyekaa na boksi, na hesabu ilisomwa mbele ya watu. Wakati wa kuchangisha ni kabla ya mchezo wa mwisho. Ukimaliza ndipo uombe, watu wameshageuka. Kabla ya pete kuungana kwa mara ya mwisho, mwenyekiti alisimama, akasema fundi ametaja shilingi 75,000 kwa dawati moja la wanafunzi wawili, akalipa lake, wengine wakafuata. Wengine walitoa nazi, zikanadiwa hapo hapo. Tulimaliza dakika kumi kabla ya adhana ya adhuhuri. Iandike saa ya swala kwenye mkono kama lazima.

Kina mama walitupikia samaki wa kukaanga na ugali, hawakukubali tulipie.

Jumapili, njiani

Pangani, Tanga, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kona za kupanda Lushoto kupitia Soni, karibu siku nzima. Nauli zote shilingi 17,000, na koti zito litolewe Mombo, si juu.

Jumatatu, Lushoto: wanafunzi wasioona

Hili lilikuwa onyesho lililotayarishwa kwa muda mrefu kuliko yote, na tunaliandika kwa kirefu kwa sababu wasanii wengi hulikwepa wakidhani mazingaombwe ni ya macho. Mazingaombwe ni mshangao, na mshangao unaingia hata kwa kiganja na kwa sikio.

Shule ilikuwa na wasioona kabisa na wenye uoni hafifu, baadhi yao watoto wenye ualbino. Kwa wenye uoni hafifu: kivuli, si jua, usisimame na dirisha nyuma yako, kamba nyeupe ishikwe mbele ya koti jeusi, maana tofauti ya rangi ndiyo inayoonekana. Kwa wasioona: makundi ya watu wanane, kila mmoja apate kushika. Darasa zima kwa pamoja halifai, kwa sababu mchezo unatokea mkononi mwa mtu mmoja na wengine wanabaki kungoja.

Kabla ya kitu chochote, jitaje jina, sema umesimama wapi, na usimguse mtu bila kumwambia. "Naweka mpira kiganjani kwako cha kulia." Kisha nyamaza, mwache auchunguze. Katika ukumbi wa kawaida msanii anaogopa kuchunguzwa; hapa uchunguzi ndio mchezo. Pete za chuma zilipita mkono kwa mkono, wakazipigia kucha kusikia kama zina ufa, wakazipima kwa vidole mzunguko mzima. Zilipoungana, msichana mmoja alifuatilia pete ya kwanza kwa kidole hadi akakutana na ya pili, akarudi, akarudia tena, halafu akasema kwa sauti kubwa, "Haina mlango!" Wenzake wakasukumana kufika.

Usifanye mchezo ambao siri yake inategemea kwamba mtazamaji haoni. Huo ni wizi. Kipimo chetu ni kimoja: je, mwalimu anayeona naye ameshangaa? Kama hakushangaa, utoe kwenye orodha.

Mchezo wa hesabu uliwanyanyua vitini. Chagua namba ya tarakimu tatu, mfano 742. Igeuze: 247. Toa ndogo kutoka kubwa: 495. Geuza jibu: 594. Jumlisha hizo mbili: 1089. Inakuja hivyo siku zote. Tarakimu ya kwanza na ya mwisho zipishane kwa 2 au zaidi. Zikipishana kwa 1 jibu la kutoa ni 99, wengi husahau kuliandika 099, na hesabu inakwenda kombo. Wanafunzi wa darasa la sita walizifanya kichwani haraka kuliko sisi kwenye karatasi.

Utabiri ulikuwa ndani ya bahasha iliyokaa kwa mwalimu tangu asubuhi, umeandikwa kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kidole. Mwalimu ndiye aliyeuchoma kwa kibao na sindano: alama ya namba kwanza, kisha herufi za a, j, h na i, ambazo baada ya alama hiyo husomeka 1, 0, 8, 9. Kwa kibao na sindano unachoma nyuma ya karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mwachie anayejua. Nukta moja ikikaa vibaya utabiri wako ni namba nyingine. Tumia karatasi nene, nyembamba inalala na kufutika baada ya vidole vichache. Mwanafunzi aliifungua bahasha, akapitisha kidole, akasimama. "Elfu moja themanini na tisa." Darasa lilipiga meza kwa mikono hadi mwalimu mkuu akaja kuangalia.

Baadaye tuliwafundisha jinsi inavyofanya kazi. Mwalimu wa hisabati aliomba karatasi ibaki shuleni.

Jumanne, Lushoto: wazee

Mvua nyepesi na ukungu tangu alfajiri. Bodaboda ilikataa mlima, tukatembea. Vijana wawili waliokuwa wanapeleka kabichi waliweka sanduku kwenye toroli lao.

Wazee walikaa mviringo kuzunguka jiko la mkaa, na mviringo maana yake kuna macho pande zote. Kamba, leso na karata za karibu, mtu mmoja mmoja, ndizo zilizowezekana. Karata tulizitoa hapa tu, baada ya kumuuliza msimamizi, na wazee wanazijua: waliita shupaza, kopa na ree kabla hatujazitaja. Usimwombe mzee mwenye mkono unaotetemeka achanganye karata. Mwambie anyanyue sehemu ya juu tu, inatosha. Sauti iwe nzito na ya polepole.

Mhudumu alitafsiri kwa Kisambaa kwa wasiosikia Kiswahili vizuri. Tafsiri inavuruga mchezo usipoipanga, kwa sababu macho yanamfuata msemaji, kisha yanarudi mkononi kwako kwa wakati usioutaka. Sema sentensi, mwache atafsiri hadi mwisho, ndipo mkono ufanye kazi watu wanapomjibu yeye.

Dakika 25 zilitosha. Bibi mmoja alikataa kurudisha leso ya njano. Ni yake.

Jumatano, kurudi

Basi la moja kwa moja Lushoto hadi Dar, alfajiri, shilingi 21,000. Peasi ndoo moja Soni.

Gharama za mtu mmoja, tangu Mbezi hadi Mbezi: nauli zote na vivuko karibu 63,000, vyumba vya Tanga, Pangani na Lushoto 140,000, chakula 58,000 kwa kuwa mara nyingi wenyeji walikataa malipo, vifaa vilivyotumika vikaisha (kamba, rababendi, sponji zilizobaki kwa watoto, pampasi, maji, betri) 34,000. Hakuna kilichokatwa kwenye changizo la mtu yeyote.

Barua za shule na hospitali zipeleke wiki tatu kabla, ukitaja mchezo kwa mchezo kile utakachofanya. Septemba usiende Lushoto kwa ajili ya wanafunzi bila kuuliza kwanza, huenda wakawa likizo. Na kwa Bweni, muulize mwenyekiti mapema hali ya kivuko, kisha upange onyesho la asubuhi na ulale ng'ambo hiyo hiyo usiku wa kuamkia.